Umeme wa Angani na Kipimo Alichotuachia Birkeland

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanafizikia wa Norwei aitwaye Kristian Birkeland alitundika tufe la sumaku ndani ya sanduku la kioo, akanyonya hewa yote aliyoweza kuinyonya, kisha akalirushia tufe hilo miale ya elektroni. Katika giza la maabara ikajitokeza mikanda miwili ya mwanga, mmoja kuzunguka ncha ya kaskazini na mwingine ya kusini. Alikuwa ametengeneza aurora ya mkono, ile mianga ya rangi inayocheza angani karibu na ncha za Dunia. Birkeland aliijua aurora yenyewe pia. Alikuwa amepanda na wenzake hadi mlima Haldde, kaskazini kabisa mwa Norwei, wakakaa huko kwenye baridi na dhoruba wakiandika jinsi sindano za sumaku zinavyotikisika kila mianga inapowaka. Akafikia hitimisho kwamba chembe zenye chaji hutoka kwenye Jua, na kwamba mikondo ya umeme hushuka na kupanda kati ya anga la juu na anga la nje kwa kufuata mistari ya sumaku ya Dunia.

Wakubwa wa fani hawakumkubalia. Mwingereza Sydney Chapman, mwanahisabati hodari aliyeheshimika kote, alishikilia kwamba mikondo hiyo haitoki nje ya tabaka la juu la hewa. Birkeland alifariki Tokyo mwaka 1917 bila kuthibitishwa. Ilibidi kusubiri miaka ya 1960, setilaiti za Marekani zilipopita juu ya maeneo ya aurora zikiwa na vipimasumaku na kukuta mitikisiko pale pale ambapo mikondo yake ingepaswa kuwa. Katika miaka ya 1970 hapakuwa tena na ubishi. Mikondo hiyo sasa inaitwa kwa jina lake, na sura yake iliwahi kuchapwa kwenye noti ya krone 200 ya nchi yake.

Kisa hiki kinauma, na kinapaswa kutuuma. Mtu alikuwa na ushahidi mezani, akapuuzwa nusu karne. Ndiyo maana wafuasi wa nadharia iitwayo Ulimwengu wa Umeme, inayosema kwamba nyota na galaksi huendeshwa na mikondo ya umeme, wanapokisimulia, na hukisimulia karibu kila wanapozungumza, msikilizaji mwenye moyo wa haki huegemea upande wao. Mimi niliegemea. Hoja yao inaingia akilini kwa urahisi: kama wakubwa walikosea kuhusu Birkeland, nani atuhakikishie kwamba hawakosei leo kuhusu Jua, kuhusu galaksi, kuhusu chanzo cha ulimwengu wenyewe?

Swali hilo linastahili jibu la uzito wake. Jibu langu nalitanguliza ili msomaji alipime njiani: kisa cha Birkeland kinashuhudia dhidi yao. Mkondo wa umeme hauwezi kujificha. Unapopita, huzaa sumaku pembeni yake, na chembe zinazoubeba huhesabika. Birkeland alishinda siku kifaa kilipofika mahali alipopaelekeza na kukuta alichosema. Mikondo mikubwa inayodaiwa na Ulimwengu wa Umeme imepitiwa na vifaa vya aina hiyo hiyo, kwa miaka zaidi ya sitini, na haikukutwa.

Kabla ya hesabu, kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku na ambayo lazima yatenganishwe.

La kwanza ni kazi ya Hannes Alfvén, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1908 na kupata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1970. Alfvén alishughulika na plazma, ambayo kamusi zetu huiita utegili: gesi iliyopata nishati nyingi hadi elektroni zikabanduka kwenye atomu zake. Jina plazma lilitolewa na Irving Langmuir mwaka 1928. Jua ni plazma, nyota ni plazma, na sehemu kubwa sana ya maada tunayoiona angani iko katika hali hiyo. Mwaka 1942 Alfvén alitoa barua fupi ya kisayansi akieleza kwamba ndani ya plazma yenye sumaku kunaweza kupita mawimbi ya aina mpya, ambamo mistari ya sumaku hutikisika kama nyuzi za zeze huku ikibeba maada pamoja nayo. Wengi walisema haiwezekani. Inasimuliwa kwamba hali iligeuka baada ya mhadhara wake huko Chicago mwaka 1948, Enrico Fermi aliposikiliza na kukubali kwa kutikisa kichwa. Kuanzia hapo kila mtu akaona ni jambo la wazi. Mwaka uliofuata mawimbi hayo yalionyeshwa maabara ndani ya zebaki.

Baadaye, katika miaka ya 1960, Alfvén na mwenzake Oskar Klein walijaribu kueleza ulimwengu mzima kwa plazma. Walipendekeza kwamba maada na maada kinzani, yaani ile ambayo chembe zake zina chaji za kinyume, zipo kwa kiasi sawa, zimetenganishwa kwa tabaka za plazma, na kwamba kuteketezana kwake ndiko kulikoanzisha upanuzi tunaouona. Hiyo ni nadharia ya kisayansi kweli kweli, kwa sababu ilijiweka hatarini. Mipakani mwa maeneo hayo, aina hizo mbili zinapoteketezana, palipaswa kuwa na mionzi ya gama ya kutosha kuonekana, na mbingu hazikuonyesha mionzi hiyo kwa kiasi kinachotakiwa. Nadharia ikaanguka. Sioni aibu yoyote katika kuanguka kwa namna hiyo.

La pili ni Ulimwengu wa Umeme wenyewe, na mizizi yake iko kwingine kabisa. Mwaka 1950 Immanuel Velikovsky alitoa kitabu kilichodai kwamba Zuhura ilitoka Mshtarii na kupita karibu na Dunia katika nyakati ambazo binadamu walikwisha kuandika historia. Wanafalaki walikipinga vikali, lakini kitabu kilipata wasomaji wengi. Katika miaka ya 1970 mfuasi wake, mhandisi Ralph Juergens, aliongeza wazo kwamba Jua halijiwashi lenyewe. Linawashwa na umeme unaotoka nje, kama balbu. Wallace Thornhill na David Talbott wakayaunganisha hayo na kuyapanua: nyota zote huendeshwa na mikondo ya galaksi, mabonde ya Mirihi yalichongwa na radi kubwa mno, kometi ni miamba inayotoa cheche, na mvutano wenyewe ni umeme uliovaa sura nyingine. Wanamtaja Alfvén kama babu yao. Lakini Alfvén alipochora mzunguko wa umeme unaolizingira Jua, chanzo cha nishati alikiweka kwenye Jua lenyewe, linapozunguka na sumaku yake. Umeme wake ulitoka ndani kwenda nje. Wao wameugeuza mwelekeo huku wakibaki na jina lake, na jambo hilo linanikera kwa niaba ya marehemu.

Silaha yao ya kwanza ni tarakimu, na ni tarakimu ya kweli. Ukichukua protoni mbili, nguvu ya umeme inayozisukuma mbalimbali inaizidi nguvu ya mvutano inayozivuta pamoja mara 1 ikifuatiwa na sifuri 36. Msikilizaji anaambiwa: utaachaje nguvu kubwa namna hiyo na kumpa usukani mnyonge? Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoisikia nilikosa jibu.

Jibu limo ndani ya ukubwa wenyewe. Kwa kuwa nguvu ya umeme ni kubwa mno, chaji chanya na hasi hazikubali kukaa mbalimbali. Mahali popote panapozidi chanya kidogo, elektroni hukimbilia hapo hadi hesabu isawazike, na plazma, kwa kuwa hupitisha umeme vizuri, husawazisha haraka kuliko kitu kingine chochote. Katika upepo wa Jua, yaani plazma inayovuma kutoka kwenye Jua, unaopita karibu na Dunia, chaji moja hufunikwa na wenzake ndani ya umbali wa takriban mita 10. Mita kumi, katika anga ambamo Jua liko kilomita milioni 150! Ukitazama kutoka mbali zaidi ya hapo, ni kama chaji ile haipo. Mvutano hauna hasi ya kuufuta. Kila chembe inaongeza chake na hakuna inayopunguza, na haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kiitwacho Jua kina kilo 2 zinazofuatiwa na sifuri 30. Ndiyo sababu sayari hutii mvutano, na mahesabu ya njia zake hufaulu bila kuweka umeme wowote.

Sasa tuje kwenye Jua, maana hapa ndipo nadharia yao inaposimama au kulala.

Jua hutoa nishati ya wati 3.8 zinazozidishwa kwa 1 yenye sifuri 26. Kama nishati hiyo inaletwa na umeme kutoka nje, lazima kuna elektroni zinazoingia. Ni ngapi? Inategemea volti. Tuwape volti kubwa kwa ukarimu, bilioni 10. Gawanya wati kwa volti: unapata mkondo wa ampea 38 zikifuatiwa na sifuri 15. Utandaze mkondo huo kwenye tufe lenye nusu kipenyo sawa na umbali wetu kutoka Jua, kisha ugawanye kwa chaji ya elektroni moja. Kila mita ya mraba hapa tulipo ingepitiwa na elektroni zinazokaribia trilioni moja kila sekunde, kila moja ikiwa na nishati ya kutoboa chombo cha angani kama sindano inavyotoboa kitambaa. Mtu akisema volti ni ndogo kuliko hapo, elektroni zinaongezeka. Akisema ni kubwa zaidi, zinapungua lakini kila moja inakuwa kali zaidi. Hakuna kona ya hesabu hii ambamo mtiririko huo unakuwa mdogo wa kutoonekana.

Na tunahesabu. Kifaa cha AMS-02 kimefungwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga tangu mwaka 2011, kazi yake ikiwa ni kuhesabu chembe za nishati kama hiyo. Elektroni za kiwango hicho zinazofika kutoka angani ni chache kwa mita ya mraba kwa sekunde. Upepo wa Jua nao umepimwa tena na tena tangu chombo cha Mariner 2 kilipoelekea Zuhura mwaka 1962: protoni na elektroni hutoka pamoja kwa hesabu inayolingana, zote zikielekea nje, kwa mwendo wa kilomita takriban 400 kwa sekunde. Voyager 1 ilivuka mpaka wa upepo huo mwezi Agosti 2012, na pacha wake mwaka 2018. Vyombo vyote viwili vilikuwa bado vinatuma vipimo. Mto wa elektroni unaoingia kulilisha Jua haukuwepo humo.

Nitakuwa dhalimu nisipotaja kwamba kuna wakati upande wa umeme ulikuwa na hoja nzito kuhusu Jua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Raymond Davis alikuwa akihesabu nyutrino kutoka kwenye Jua ndani kabisa ya mgodi wa dhahabu wa Homestake huko Marekani. Nyutrino ni chembe ndogo mno zinazozaliwa viini vya hidrojeni vinapoungana kuwa heliamu, moto ambao nadharia rasmi husema ndio unaoliwasha Jua; hupenya karibu kila kitu, na hufika kwetu kwa dakika nane. Davis alipata theluthi moja tu ya alizotarajia. Wenye Jua la umeme wakasema, kwa haki yao: mbona moto wenu wa ndani hauonekani? Kwa miaka 30 wanafizikia hawakuwa na jibu la kuridhisha. Mtu aliyekataa nadharia rasmi mwaka 1985 kwa sababu hiyo hakuwa mjinga.

Kisha jibu likaja. Mwaka 1998 kituo cha Super-Kamiokande, Japani, kilionyesha kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini. Mwaka 2001 na 2002 kituo cha Sudbury nchini Kanada, ambacho kiliweza kuhesabu aina zote tatu, kikapata jumla inayolingana na ile iliyokuwa imekokotolewa. Davis alikuwa ameona theluthi kwa sababu chombo chake kiliona aina moja tu. Na mwaka 2014 kifaa cha Borexino, chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia, kikapima nyutrino za hatua ya kwanza kabisa ya muungano wa hidrojeni, ile inayoleta karibu nishati yote ya Jua. Hapo kuna jambo zuri ambalo halisemwi vya kutosha. Mwanga tunaouona leo ulihangaika makumi ya maelfu ya miaka ndani ya Jua kabla ya kutoka. Nyutrino za leo zimezaliwa dakika nane zilizopita. Vipimo viwili vya zama mbili tofauti, na vinatoa jibu moja kuhusu nguvu ya Jua. Balbu inayowashwa kutoka nje haina sababu ya kutoa nyutrino hizo hata moja.

Tangu jibu hilo lipatikane, ningetarajia hoja ya nyutrino iondolewe mezani. Bado naikuta, imeandikwa kana kwamba mwaka ni 1985. Hapo ndipo imani yangu kwa waandishi hao ilipovunjika, zaidi ya mahali pengine popote. Kukosea ni jambo la kila mtafiti. Kuendelea kumpa msomaji hoja uliyojua kwamba imejibiwa ni kumdhulumu.

Kuhusu chanzo cha ulimwengu nitakuwa mfupi. Nadharia rasmi, iitwayo Mlipuko Mkuu, husema ulimwengu ulianza ukiwa na joto kali kisha ukapanuka, na mabaki ya joto hilo bado yapo. Mnururisho wa mikrowevu uliogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson, na kutangazwa mwaka 1965, unatoka pande zote za mbingu. Setilaiti ya COBE, iliyorushwa mwaka 1989, iliukuta na mkunjo, yaani mchoro wa nguvu yake kwa kila urefu wa wimbi, wa joto moja tu, kelvini 2.7, laini kuliko mkunjo wowote wa aina hiyo uliokuwa umewahi kupimwa katika maumbile. Eric Lerner, ambaye ndiye mtetezi makini zaidi wa kosmolojia ya plazma, yaani kueleza ulimwengu mzima kwa plazma, amependekeza kwamba ni mwanga wa nyota uliotawanywa na ukungu wa nyuzinyuzi za plazma. Ukungu wenye uwezo wa kulainisha mnururisho kiasi hicho ungepaswa pia kutuzuia kuona mawimbi ya redio ya galaksi za mbali, nazo tunaziona. Mwaka 2022, darubini ya James Webb ilipoleta picha za galaksi changa zilizong'aa kuliko ilivyotarajiwa, Lerner alitangaza kwamba Mlipuko Mkuu umeanguka, na maneno ya mtafiti mmoja yakachukuliwa nje ya muktadha wake hadi mwenyewe akalazimika kulalamika hadharani. Picha zile zinawasumbua kweli wataalamu wa kuzaliwa kwa galaksi. Mkunjo wa COBE hazijaugusa.

Kwenye galaksi kuna utajiri zaidi. Mwaka 1986 Anthony Peratt, mwanafizikia wa Los Alamos, alichapisha mahesabu ya kompyuta ambamo mikondo miwili sambamba ya plazma inavutana, inajisokota, na kuzaa maumbo yenye mikono kama galaksi ya mviringo wa parafujo. Picha zake zinavutia sana. Nimezitazama mara nyingi na naelewa kwa nini mtu akiziona anaona jambo limekwisha. Tena Peratt alidai kupata bila maada giza, ile maada isiyoonekana inayojulikana kwa mvutano wake tu, mizunguko ile ya ajabu ambayo Vera Rubin na Kent Ford waliipima kwenye galaksi ya Andromeda na kuitangaza mwaka 1970, ambamo sehemu za nje zinazunguka kwa kasi isiyolingana na maada inayoonekana.

Shida ni nyota. Mahesabu yale yanasukuma plazma, na plazma nyembamba hukubali kusukumwa na sumaku. Jua letu ni jiwe la uzani mwingine. Linaizunguka galaksi kwa mwendo wa kilomita takriban 230 kwa sekunde, na sumaku ya galaksi inayolizingira ni dhaifu kuliko sumaku ya Dunia kwa kiasi cha mara 100,000. Sumaku hiyo haiwezi kupindisha njia ya Jua. Gesi na nyota zingepaswa kuzunguka kila moja kwa sheria yake, na darubini zinaonyesha zinazunguka pamoja.

Halafu kuna kundi la galaksi liitwalo Risasi. Ni makundi mawili yaliyogongana na kupitana, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2006. Sehemu kubwa ya maada ya kawaida katika makundi hayo ni plazma yenye joto kali sana, inayong'aa kwa eksirei. Zilipogongana, plazma za pande mbili zilikwamana na kubaki nyuma katikati. Galaksi zikapita. Watafiti wakapima uzito ulipo kwa kuangalia jinsi unavyopindisha mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake, na uzito mwingi ukaonekana umekwenda na galaksi, umeiacha plazma. Kama plazma na mikondo yake ndiyo inayobeba kila kitu, uzito ungekutwa mahali plazma ilipo. Simjui mtetezi wa Ulimwengu wa Umeme aliyelieleza kundi la Risasi kwa tarakimu.

Mabonde ya Mirihi na kometi nayapita haraka. Chombo cha Rosetta kilikaa na kometi 67P tangu mwaka 2014 na kukuta uzito wake ni takriban nusu ya uzito wa maji kwa ujazo ule ule. Mwamba mgumu hauwezi kuwa mwepesi hivyo.

Wanaotetea fizikia rasmi nao wana deni, na naliandika kwa uchungu ule ule. Kwa miongo mingi vitabu vya astronomia vilifundisha mvutano kurasa mia na sumaku kurasa mbili. Alfvén mwenyewe, katika mhadhara wake wa Nobel, aliwaonya wenzake dhidi ya kuitumia vibaya picha aliyoianzisha, ya mistari ya sumaku iliyoganda ndani ya plazma, akisema kwamba mara nyingi hupotosha. Wengi waliendelea kuitumia kama vile hakusema. Eugene Parker alipoandika mwaka 1958 kwamba Jua linavuma upepo usiokoma, wahakiki wawili walikataa makala yake. Ilichapishwa kwa sababu mhariri, Subrahmanyan Chandrasekhar, hakupata kosa katika hisabati ingawa naye hakulipenda wazo. Miaka minne baadaye Mariner 2 ikaukuta upepo. Mwanafunzi anayefundishwa mbingu zisizo na umeme, kisha akakutana na watu wanaomwambia kwamba umeme umejaa huko, ana haki ya kuhisi amefichwa kitu. Tumewaachia wengine uwanja uliokuwa wetu.

Maana umeme umejaa huko kweli! Mwezi Io unapoizunguka Mshtarii hukata mistari ya sumaku ya sayari hiyo, na mkondo wa mamilioni ya ampea hupita kati yao; mahali mkondo unaposhukia, alama ya mwanga huwaka kwenye anga la Mshtarii na kumfuata Io anavyokwenda. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba kutoka kwenye Jua ilizaa mikondo ardhini na kuzima gridi ya Quebec nchini Kanada, watu milioni sita wakakaa gizani takriban saa tisa, kwa umeme ule ule ambao Birkeland aliuandika kutoka Haldde. Darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini ilitoa mwaka 2022 picha ya kitovu cha galaksi yetu ikiwa na nyuzi karibu elfu moja za sumaku, nyingine zikiwa na urefu wa zaidi ya miaka ya nuru mia, zimejipanga sambamba kama nyuzi za kinubi. Chanzo chake bado kinajadiliwa. Mwaka 2021 ikatolewa picha ya mpangilio wa sumaku kandokando ya shimo jeusi la galaksi ya M87, na inaelekea sumaku hiyo ndiyo inayorusha ule mkuki wa plazma ambao Heber Curtis aliuona kwa darubini yake mwaka 1918.

Kuna fumbo moja ambalo Ulimwengu wa Umeme hulitaja kila mara, na hapa nawaunga mkono kwamba ni fumbo. Uso wa Jua una joto la nyuzi takriban 5,500 za selsiasi. Panda juu yake, kwenye taji lake, na joto linapita milioni moja. Ni kama kuondoka jikoni na kukuta ukumbi una moto kuliko jiko. Wao husema hiyo ni dalili ya umeme unaoingia kutoka nje. Wanafizikia wengi wanatazama mahali pawili: milipuko midogo ya sumaku inayokatika na kuungana upya, na mawimbi yanayopanda kutoka chini na kumwaga nishati yake juu. Mawimbi hayo ni ya Alfvén.

Chombo kilichopewa jina la Parker, akiwa hai kulishuhudia hilo, kilirushwa mwaka 2018 kwenda kupima. Kuna mpaka juu ya Jua ambao chini yake mawimbi ya Alfvén bado yanaweza kurudi kwenye uso, na juu yake upepo umekwisha kuyazidi mbio na kuyabeba moja kwa moja. Tarehe 28 Aprili 2021 chombo kiliuvuka mpaka huo kwa mara ya kwanza, kikaingia ndani ya taji kwa saa chache, kikatoka, kikaingia tena. Tangu hapo kimeshuka hadi kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye uso. Kina vipimasumaku, kina vikombe vya kukusanyia protoni na elektroni, na kinahesabu kila kinachopita na upande kinakoelekea. Takwimu zake hutolewa hadharani. Anayeamini kwamba Jua linalishwa kutoka nje anaweza kuzifungua na kuhesabu elektroni zinazoingia.